Mluzi wa Kurumbiza

Saa ya ukutani ya shangazi ilisimama mwanzoni mwa mvua, na tangu hapo nyumba yetu ikawa kama mtu aliyebana pumzi. Shangazi yangu alikuwa mkunga maisha yake yote ya kazi. Saa ile alipewa na wenzake wa wodini siku aliyostaafu, na alikuwa hapati usingizi asipoisikia ikigonga. Kwa hiyo jirani alipomwambia kuna fundi mpya kwenye kibaraza cha duka la vitabu, fundi anayefufua saa zilizowashinda wengine, hakuuliza fundi huyo ni nani wala katokea wapi. Aliizungushia shuka akampa jirani aipeleke.

Angeuliza, nisingekuwa na kisa cha kuwasimulia.

Alasiri hiyo nilikuwa barazani na cherehani yangu, nashona kola za sare za shule. Binti yangu, ambaye mtaa mzima unamwita Chiriku kwa jinsi asivyojua kufunga mdomo, alikuwa chini ya meza anajitengenezea mwanasesere kwa vipande vya kitambaa. Geti la uani likagongwa.

"Karibu!" nikasema bila kuinua kichwa.

Likagongwa tena.

"Si nimesema karibu? Pita, liko wazi."

Likagongwa mara nyingine, taratibu, kwa adabu, kama vile hakuna aliyejibu. Chiriku alichomoka chini ya meza akakimbia kufungua.

"Mama! Kuna mtu amebeba mtoto!"

Hakuwa mtoto. Ilikuwa saa ya shangazi ndani ya shuka lake, imepakatwa kifuani kama kichanga kinachotoka wodini. Juu ya shuka kulikuwa na uso ambao nilishaapa kuusahau, na kila nilipoapa niliukumbuka vizuri zaidi.

"Sikio," akasema.

Mguu wangu ulibaki kwenye kanyagio, cherehani ikaendelea kukimbia peke yake mpaka uzi ukakatika. Hakuna mtu mwingine duniani aliyewahi kuniita hivyo. Mimi nilikuwa Sikio na yeye alikuwa Jicho, na tulikuwa tumezikana hai, kila mmoja upande wake.

"Umekonda," nikasema. Miaka yote ile nilikuwa nimeandaa maneno makali, mengine nimeyarudia mbele ya kioo. Likatoka hilo.

"Na wewe umenenepa kidogo. Umependeza."

"Mama hajanenepa," Chiriku akamkatiza. "Ni gauni."

Akacheka. Kicheko chake kilikuwa kilekile, cha mtu anayeomba radhi kwa kufurahi. Alichuchumaa, akamtazama mwanangu usoni kwa makini, kama anavyotazama ndani ya saa. "Na wewe ni nani?"

"Mimi Chiriku. Baba yangu alikuwa dereva, akafa. Bibi yangu ni mkunga. Wewe ni nani?"

"Mimi ni fundi wa saa."

Kabla sijaokota moyo wangu ulipoangukia, shangazi akatokea mlangoni, mikono kiunoni.

"Ala! Kumbe fundi mwenyewe ndiye wewe! Nilidhani dunia imeshakumeza."

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Imepona?"

"Imepona. Spring ilikuwa imechoka, nimeweka nyingine."

"Haya, itundike uende zako. Tuna kazi hapa."

Jicho aliingia sebuleni, akapanda kwenye kigoda, akaitundika. Kisha akafanya jambo ambalo sikulielewa wakati ule. Mafundi wengine hutega sikio wasikie saa inavyotembea. Yeye aliweka kiganja juu ya mbao yake, akafumba macho, akatulia, kama shangazi alivyokuwa akiweka mkono juu ya tumbo la mja mzito. Ndipo akashuka.

"Inatembea," akasema.

"Sijakushukuru lakini ahsante," shangazi akamwambia akiwa nyuma yake. Hakujibu. Alikuwa anakusanya bisibisi zake ndogo, mgongo umetugeukia. Shangazi akanibinulia mdomo. Unaona? Maringo yaleyale.

Alirudi barazani, mkoba begani, akasimama karibu na cherehani yangu bila kujua aweke wapi mikono.

"Nimemaliza kazi zangu hapa mjini," akasema. "Naondoka kesho. Kuna karakana kubwa ya saa huko mbali, wananihitaji."

"Kwa hiyo umekuja kuaga."

"Nimekuja kuleta saa."

"Kumbe."

Nikatunga uzi kwenye sindano. Tundu sikuliona, akili haikuwa hapo. Nikajaribu tena, na tena, mpaka mkono wake ukaja polepole, ukanipokonya uzi, ukaupitisha mara moja. Daima alikuwa hivyo. Kama kitu kinaonekana, yeye atakiona.

*

Tulijuana kwenye masomo ya jioni. Mimi mchana nilikuwa kwa fundi mkuu wa nguo najifunza kupiga pasi na kukata, yeye alikuwa anajifunza saa kwa mjomba wake. Jioni tulikutana kwenye darasa la ghorofani, watu wazima tuliokosa shule utotoni, tumebanana kwenye madawati ya watoto, magoti yamegota mbao. Wengine tulikimbilia madawati ya nyuma ili tusinzie kwa amani. Yeye alikaa dawati la mbele kabisa, pua na ubao. Nilimwona mtu wa bidii. Nikampenda kwanza kwa hilo.

Nyuma ya darasa, ngazi zinakoishia, kulikuwa na tangi la maji lililovuja, na kando ya tangi ua mrefu wa michongoma uliojiotea. Ndege wote wadogo wa mtaa walikuja pale jioni kunywa na kugombania mahali pa kulala. Siku moja niliwahi, nikamkuta ameegemea ukuta, anatazama juu.

"Nasikia ndege lakini simwoni," nikamwambia.

"Na mimi namwona lakini..." Akasita. "Huyo unayemsikia analiaje?"

"Kama mtu anayetingisha funguo mfukoni."

"Basi ni yule pale. Kijani, duara jeupe kwenye jicho kama amevaa miwani. Kinengenenge."

"Hapana. Huyo mwenye miwani sauti yake nyembamba, kama anayelalamika. Mwenye funguo yuko chini, kwenye nyasi."

Akatafuta, akampata: kidege cha kahawia, kidogo kuliko kidole gumba, hakina urembo wowote. Alinitazama kana kwamba nimemtolea pesa sikioni. Tangu jioni ile tukawa tunawahi wote wawili. Mimi macho yangu ni mabovu kwa vitu vya mbali. Ndege mtini kwangu ni jani lenye wasiwasi. Lakini nikishamsikia mara moja, simsahau. Yeye aliona kila kitu: mkia unaochezacheza, mstari juu ya jicho, namna ndege anavyoruka kwa vipindi kama anayepanda ngazi. Tukajiwekea sheria. Hakuna kutaja jina la ndege mpaka jicho na sikio vikubaliane.

Tuliwajua chozi kwa rangi zao za mafuta yaliyomwagika majini, na kwera kwa kelele zao za sokoni, na shore mwenye kishungi, mbea wa ua mzima. Walikuwepo pia videge viwili vya kahawia vilivyofanana kama mapacha, hata Jicho mwenyewe hakuweza kuvitofautisha kwa macho. Kimoja ndicho kile cha funguo. Kingine kililia kama mlango usiotiwa mafuta. Majina yao hatukuyajua, tukawabatiza wenyewe: Funguo na Bawaba. Tetere tulimdharau, yule njiwa wa kijivu anayeguna juu ya kila bati. Huyo ni ndege wa kila mtu, tulisema. Sisi wetu ni wadogo.

Aliyekuwa wetu kuliko wote ni kurumbiza. Kifua cha rangi ya chungwa, anapenda kivuli, haonekani ovyo. Anapiga mluzi kama mtu anayemwita mtu. Niliujifunza mluzi ule mpaka kurumbiza mwenyewe akawa ananijibu. Fii-fii-fiyoo. Nilipochelewa nilipiga nikiwa bado kwenye ngazi, na nilipotokea nilimkuta Jicho ameelekeza uso kwenye ngazi ananisubiri, anatabasamu.

Alikuwa ananitazama sana. Nikisikiliza, nikifumba macho, nilihisi macho yake usoni kwangu kama jua. Nikimkamata, haondoi. Niseme nini? Nilikuwa msichana. Niliyala macho yale nikashiba.

Alipopeleka watu nyumbani kuniposa, shangazi aliyenilea tangu mama yangu afariki hakupepesa jicho. "Mtu anayetazama ndege? Anakutazamisha na wewe? Mtakula manyoya?" Alikuwa ameshanionea dereva, kijana mtulivu mwenye kazi yake. Akanikataza kuonana na Jicho, na siku Jicho alipopata kazi mji wa mbali akaniletea ujumbe kwa mdomo wake mwenyewe, pale tangini, haraka haraka.

"Jumamosi jioni naondoka. Nitapita chini ya dirisha lako. Kama ni ndiyo, nitajua. Nitasubiri utoke. Kama ni hapana, nitajua pia, na sitakusumbua."

Jumamosi hiyo shangazi alifunga dirisha langu, akakaa chumba cha pili mlango wazi, anakunja nguo. Nisingeweza kuita jina. Lakini ndege hana jina la mtu. Nilisimama nyuma ya mbao za dirisha, na Jicho alipotokea barabarani na mkoba wake, nikapiga mluzi wa kurumbiza. Fii-fii-fiyoo. Nikapiga tena, kwa nguvu mpaka midomo ikakauka. Kupitia upenyo wa mbao nilimwona akiinua uso. Alilitazama dirisha langu moja kwa moja. Alilitazama kwa muda. Kisha akaniachia mgongo, akaenda.

Mtu akija mpaka chini ya dirisha lako, akakusikia, akatazama, halafu akaondoka, utasema nini? Nilisema amebadili nia. Nikaolewa na dereva. Alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu, na alinipa Chiriku. Sijawahi kupiga mluzi tena.

*

"Anko," Chiriku alikuwa akisema. "Yule ndege gani?"

Jua lilikuwa limeshuka kwenye ua wetu, nyasi zimekuwa dhahabu. Jicho alishuka ngazi za baraza na mwanangu akimvuta kidole, mimi nikawafuata nyuma, kola imening'inia mkononi. Juu ya ua, kwenye kijiti cha karibu, alikaa kidege cha kahawia kisicho na urembo, ametupa mgongo.

"Aa," Jicho akasema, na sauti yake ikalainika. "Huyu ni mmoja wa wale wetu. Wako wawili, Chiriku, wanafanana kama mapacha. Mmoja anaitwa Funguo, mwingine Bawaba. Kwa macho huwezi kuwajua. Mpaka aimbe."

"Haya."

"Tumsubiri. Akiimba nitakwambia ni yupi."

Chiriku alimtazama, akanigeukia mimi, akamtazama tena.

"Lakini si anaimba?"

Alikuwa anaimba. Alikuwa anaimba kwa nguvu zake zote, funguo zinatingishika mpaka ua mzima unalia. Alikuwa ameanza hata kabla hatujashuka ngazi. Na Jicho alisimama pale, ameinamisha kichwa kidogo, mstaarabu, anasubiri.

Ndipo nikakumbuka. Geti lililogongwa na kugongwa. Kiganja juu ya saa. Shangazi alivyosema ahsante kwenye mgongo usiogeuka. Dawati la mbele.

Nilikuwa nyuma yake, hatua chache. Nililamba midomo. Ilikuwa mikavu kama jioni ile. Nikapiga.

Fii-fii-fiyoo.

Upande wa pili wa ua, kurumbiza akanijibu papo hapo. Chiriku akaruka. "Mama! Kumbe unaweza!" Jicho hakutikisika. Mabega yaleyale, mkoba uleule, mgongo uleule niliouona kupitia upenyo wa mbao. Kwa miaka yote nilikuwa nimeuchukia mgongo ule, na mgongo wenyewe haukuwa na kosa.

Nikamzunguka, nikasimama mbele yake.

"Hunisikii," nikasema.

"Nakusikia. Sema."

"Unaniona mdomo. Sasa hivi nimepiga mluzi hapo nyuma yako. Wa kurumbiza."

Alitazama midomo yangu, kisha macho yangu, kisha chini.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu utotoni. Niliugua homa. Sauti nyembamba ndizo zilizotangulia kwenda. Ndege wadogo, filimbi, kengele ya baiskeli. Sasa na za watu zinaondoka, za wanawake kwanza." Akajaribu kutabasamu. "Tetere bado namsikia. Yule tuliyemdharau. Nimebaki na yeye tu."

"Na pale tangini? Mwaka mzima, Jicho! Ulikuwa unawajua wote!"

"Ndege akiimba, koo linatetemeka. Nilikuwa natazama koo." Akajigusa kooni. "Na kama yuko kwenye majani, nilikutazama wewe. Uso wako ulikuwa unageuka kumwelekea kabla hujasema neno. Ukimsikia chozi ulikuwa unainua nyusi. Kwera alikuwa anakuchekesha. Nilikuwa namtafuta ndege kwa uso wako."

Nilihisi kitu kinavunjika ndani, cha msichana niliyekuwa. "Kwa hiyo macho yale yote... yalikuwa ya ndege?"

"Mara ya kwanza, ndiyo. Siku mbili tatu." Aliinua uso. "Baada ya hapo ndege waliimba wakachoka, mimi hata sijui walikuwa wangapi."

Nilitaka kumpiga. Nilitaka kumkumbatia. Mtoto alikuwa amesimama katikati yetu, kichwa kinakwenda huku na huku kama anayetazama mpira.

"Jioni ile uliinua uso," nikasema. "Nilikuona. Ulilitazama dirisha langu."

"Nililitazama. Lilikuwa limefungwa."

"Nilikuwa nyuma yake!"

"Lilikuwa limefungwa, Sikio. Nilikwambia nitajua. Nilikuja kuona. Nikaona mbao."

"Na mimi nilikuwa napiga mluzi mpaka midomo ikapasuka. Ulisema kama ni ndiyo utajua. Nilijua utasikia!"

Tukatazamana. Yeye alikuja na macho, mimi nikamjibu kwa sauti. Sheria yetu wenyewe, ya jicho na sikio kukubaliana, tuliitumia kwa kila kidege cha ua ule, tukasahau kuitumia kwetu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Shangazi yako alikuwa ameshasema sina kitu isipokuwa macho. Ningekwambia kwamba hata masikio sina?"

"Na leo bado hana."

Shangazi. Alikuwa dirishani muda wote, na sasa alitoka, khanga ya mabegani imemponyoka upande mmoja. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo. Alishuka ngazi mpaka mbele ya Jicho, akasema polepole, anaumba kila neno kwa mdomo, kama anavyozungumza mtu anayejua anachokifanya.

"Dirisha nililifunga mimi. Nikiulizwa nitasema. Lakini sikiliza, baba. Nimezalisha watoto wengi. Mtoto akibanwa na pumzi usiku halii kwa kelele. Analia kama panya. Huyu binti yangu ana mtoto, na labda atapata wengine. Siku yeye amelala na homa, mtoto akalia kama panya, nani atamsikia?"

"Shangazi!" nikasema.

"Niache. Simtukani. Namuuliza."

Jicho alifikiri. Hakukimbilia jibu, na kwa hilo nilimpenda upya.

"Sitamsikia," akasema. "Kwa hiyo nisingelala mbali naye. Ningelala mkono wangu uko kifuani kwake, kama nilivyouweka kwenye saa yako. Saa yako, shangazi, sijawahi kuisikia. Lakini nikigusa najua kama inatembea vizuri."

Ndani, saa ikagonga, sauti yake nzito ya siku zote, na nyumba ikaachia pumzi iliyokuwa imebana.

"Lakini una haki ya kuuliza," Jicho akaendelea. "Nami sikuja kubisha. Nimeshaondoka hapa mara moja bila kugombana na mtu." Akanitazama, kwa muda mrefu, kama anayetaka kuondoka na kitu asichoweza kukisikia. "Nimefurahi kujua kwamba ulipiga mluzi."

Akambonyeza Chiriku pua, akapandisha mkoba begani, akaelekea getini.

"Mama, anaondoka," Chiriku akasema.

"Naona."

"Mwite!"

Nimwite vipi? Jina lake lingefika mgongoni kwake likadondoka. Mluzi wangu, ule niliouzika na ujana wangu, haukuwa kitu kwake, haukuwahi kuwa kitu. Ningeweza kukimbia nimshike mkono, na miguu yangu ilikuwa inataka. Lakini nilikuwa nimemwita mara moja kwa namna niliyoipenda mimi, na nilimpoteza kwa hiyo. Safari hii nilitaka kumwita kwa namna ambayo yeye angeipata.

Juu ya bati la jirani alikuwepo yule wa kijivu, wa kila mtu, anayeguna kutwa nzima bila kuangaliwa na yeyote. Nilimsikiliza mara moja tu. Mimi nikishamsikia mara moja, inatosha.

Nikaweka viganja mdomoni, nikaishusha sauti mpaka kifuani, mpaka chini kabisa ninakotoa nyimbo za kumlaza mtoto.

"Kuu-kuuu-kuru. Kuu-kuuu-kuru."

Mkono wa Jicho ulikuwa umeshafika kwenye komeo. Ukasimama hapo.

"Kuu-kuuu-kuru."

Chiriku akadaka hapohapo, sauti yake kubwa kuliko yangu, na uani kwetu kukawa na matetere wawili wasio na mbawa. Jicho aligeuka. Kwanza alitazama juu ya bati, kwa mazoea, akamtafuta ndege kwa macho yale. Tetere wa kweli alikuwa amenyamaza, anatushangaa. Ndipo uso wake ukashuka, ukapita ua, ukapita cherehani, ukanifikia mimi, viganja vyangu bado viko mdomoni.

Sijui kama mmewahi kumwona mtu akirudishiwa kitu ambacho alishaacha hata kukitafuta.

Nyuma yangu shangazi alikohoa. "Na huyo tetere," akasema, "ndiye atakuwa anatupigia kelele humu ndani kila siku?"

"Ni mama, bibi!"

"Najua ni mama yako. Ingia, tuongeze maji ya chai. Mgeni huyu alikuwa hajaambiwa hata akae."

Jicho alitua mkoba chini. Aliuacha palepale getini, vyombo vyake vyote vya thamani, akarudi uani kwa mwendo wa mtu anayeogopa kumshtua ndege. Akasimama mbele yangu mahali ambapo angeweza kuuona mdomo wangu vizuri.

"Ndege gani yule aliyelia?" akauliza.

"Hatutaji jina," nikasema, "mpaka tukubaliane."

"Mimi nimesikia."

"Na mimi," nikamwambia, nikiyafumbua macho yangu mabovu kadiri yalivyoweza, maana alikuwa karibu, na karibu huwa naona, "mimi nimeona."